Siku tano kwa mtumbwi kwenye makorongo ya mto Green, Utah

Mto Green unaanzia milima ya Wind River huko Wyoming, unateremka karibu kilomita 1,170, kisha unaingia mto Colorado ndani ya hifadhi ya Canyonlands, kusini mashariki mwa Utah. Kilomita 190 hivi za mwisho, kuanzia mji mdogo unaoitwa Green River kama mto wenyewe, hazina maporomoko. Maji yanatembea taratibu kati ya kuta za mawe mekundu, jangwa kulia na kushoto, na mtu asiyewahi kushika kafi anajifunza asubuhi ya kwanza na jioni anafika kambini salama. Ndiyo maana wengi huichukulia safari hii kirahisi. Mto hauna ubaya. Kinachowaumbua watu ni gari lisilokuwepo mwisho wa safari, maji ya kunywa yaliyoisha siku ya tatu, na upepo. Kwa hiyo panga kuanzia mwisho, urudi nyuma.

Utatokea wapi?

Sehemu ya juu inaitwa Korongo la Labyrinth, ya chini Korongo la Stillwater. Majina yote mawili yalitolewa na John Wesley Powell na wenzake walioshuka mto huu mwaka 1869. Kati yake pana sehemu moja tu ya maana inayofikiwa na barabara: Mineral Bottom.

Kwa kundi linaloenda mara ya kwanza, chagua Labyrinth. Ukiingilia mjini Green River, hadi Mineral Bottom ni kilomita 110. Ukiingilia Ruby Ranch, ni kilomita 72, na unaruka sehemu ya mwanzo iliyo wazi, yenye mashamba na upepo mwingi. Ruby Ranch ni ardhi ya mtu binafsi: unaomba ruhusa mapema na unalipia kushusha mitumbwi. Kilomita 72 kwa siku tano ni mwendo wa watu wanaotaka kufurahi. Kwa siku nne inawezekana. Kwa siku tatu utapiga kafi kutwa na hutaona kitu.

Stillwater ni nzuri zaidi machoni, lakini mwisho wake ni mgumu. Kutoka Mineral Bottom hadi mito miwili inapokutana ni kilomita 84, na hapo hakuna barabara. Lazima uwe umekodi boti ya injini ije kukuchukua, ama hapo kwenye makutano au Spanish Bottom, kilomita 5 na kitu chini zaidi kwenye Colorado, ukingo wa kulia. Boti hiyo inawapandisha na mitumbwi yenu kupitia Colorado hadi Potash, karibu na mji wa Moab. Weka nafasi miezi kadhaa kabla, na fika siku iliyopangwa. Ukipitiliza Spanish Bottom unaingia Korongo la Cataract, lenye maporomoko zaidi ya 20. Mtumbwi uliojaa mizigo hauna kazi huko.

Rudi sasa kwenye Labyrinth na suala la magari. Njia ya bei nafuu ni magari mawili: siku moja kabla mnapeleka moja Mineral Bottom, mnarudi na la pili. Safari hiyo inapita kilomita 100 kila upande, na kilomita 20 na zaidi za mwisho ni vumbi, zikimalizikia kwenye kona kali zinazoshuka ukuta wa korongo. Barabara hiyo ilisombwa na mvua Agosti 2010, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Ikilowa inakuwa utelezi na haipitiki, hata kwa gari lenye magurudumu manne yanayovuta. Njia ya pili ni kulipa kampuni ya Moab iwapeleke Ruby Ranch na kuwapokea Mineral Bottom. Kwa kundi la watu sita hadi wanane, ushauri wetu ni kulipa. Dereva anayejua barabara ile ikinyesha ana thamani kuliko pesa mtakayookoa. Wanaotoka Salt Lake City wahesabu saa tatu za barabara hadi Green River, kabla hawajagusa maji.

Kibali cha Labyrinth ni cha bure, kinatoka kwa BLM, wakala wa shirikisho unaosimamia ardhi za umma. Cha Stillwater kinalipiwa na huombwa kwenye tovuti ya Recreation.gov. Vyote viwili vinadai karibu vitu vilevile: jaketi okozi kwa kila mtu na la akiba, kafi la akiba, choo cha kubeba, na sinia la chuma la kuwashia moto. Sheria ya Utah inataka mtoto wa miaka 12 au chini avae jaketi muda wote akiwa chomboni. Watu wazima nao wavae. Maji ya Mei ni theluji iliyoyeyuka.

Msimu na kiasi cha maji

Wakati mzuri ni Septemba hadi katikati ya Oktoba. Maji ni ya chini, mafungu ya mchanga yamejitokeza na ndiyo kambi bora, mbu wamekwisha, na mchana haukaushi mtu. Julai joto hupita nyuzi 38 na kuta za mawe hurudisha joto hilo usiku. Aprili na Mei ni miezi ya upepo. Mwisho wa Mei hadi Juni mto unajaa, mafungu yote yanazama, na mnabaki kutafuta kambi kwenye kingo zilizofungwa na vichaka vya tamariski huku mbu wakiwasubiri. Hawaleti malaria, lakini jioni mtakula ndani ya hema.

Angalia kipimo cha maji cha mjini Green River kwenye tovuti ya USGS, wakala wa shirikisho unaopima mito, wiki moja kabla. Husomwa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Chini ya 2,000 mtakwama mchangani mara kwa mara na mkondo hautawasaidia sana. Kati ya 3,000 na 6,000 ndiyo raha yenyewe. Ikipita 15,000, mafungu yamezama. Mto huu unaongozwa kwa kiasi fulani na bwawa la Flaming Gorge lililo juu kabisa, kwa hiyo unaweza kupanda bila mvua kunyesha mlipo.

Maji ya kunywa

Baada ya kuondoka mjini hakuna bomba wala kisima cha kutegemea. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, lita 6 wakati wa joto kali. Watu wanne kwa siku tano ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20. Msibebe chombo kimoja kikubwa: kikipasuka, safari imeisha.

Maji ya mto yanafaa kwa kupikia na kuoshea, na kunywa ikibidi, lakini yamejaa tope laini. Ukiyatia moja kwa moja kwenye chujio la kupampu, litaziba baada ya lita chache. Tuliza kwanza. Hapa shabu, ileile inayotumiwa vijijini kwetu kusafishia maji ya bwawa, inafanya kazi barabara. Chota ndoo ya lita 20 jioni. Tia kijiko kimoja na robo cha chai cha shabu ya unga. Koroga kwa nguvu kama dakika moja, kisha polepole kabisa dakika tano. Chembe za tope zinasukumana zenyewe kwa sababu zote zina chaji hasi. Shabu inaivunja nguvu hiyo, zinashikana, na utaona madonge ya rangi ya chai ya maziwa yakianza kuzama ukiwa bado umeshika mwiko. Funika ndoo, iache hadi asubuhi. Chota ya juu kwa kikombe bila kuitikisa ndoo, na achia sentimita tano za chini. Kisha ndipo uchuje, na uchemshe au utie dawa. Kutuama hakuui vijidudu.

Mtumbwi na upakiaji

Mtumbwi wa watu wawili wenye urefu wa mita 5 hivi ndio chombo cha safari hii. Boti ya mpira inabeba zaidi na haipinduki kirahisi, ila upepo ukija inakuwa tanga. Mbao za kupuliza, zile mtu anazopiga kafi akiwa amesimama, waachieni wa safari za saa mbili.

Maji na madeli ya barafu yakae katikati, chini kabisa. Mifuko isiyopitisha maji yenye nguo na matandiko ifuate mbele na nyuma ya hapo. Usijaze omo wala tezi: mtumbwi wenye ncha nzito unachelewa kugeuka na unachota mawimbi. Mkishakaa, ukingo ubaki angalau sentimita 15 juu ya maji katikati. Ukiwa chini ya hapo, toa kitu. Funga kila mzigo kwa mikanda kwenye vyuma vya mtumbwi, kwa sababu ukipinduka, kinachoelea ovyo kinakwenda na mkondo na kinachozama hakionekani tena kwenye maji yale. Upo wa kukumbia maji ufungwe kwa kamba mahali mkono unapofika.

Kila mtumbwi uwe na kamba mbili za mita 5 au 6, moja omo na moja tezi.

Kusoma maji

Mkondo mkuu hupita upande wa nje wa kona. Ndani ya kona ndiko mchanga unakotulia. Kwa hiyo katika maji machache fuata nje, na kona inapobadilika upande, vuka kwa mshazari mapema, kabla hujaingia kwenye kona inayofuata. Uso wa maji wenye viwimbi vidogo vya haraka una mchanga karibu. Maji laini, meusi kidogo, yana kina.

Mkikwama, msiruke. Kingo za mafungu haya zimekatika ghafla: mguu mmoja unasimama kwenye maji ya goti, wa pili unakosa chini. Pima kwa kafi, shika ukingo wa mtumbwi, shuka upande mkondo unakotokea ili chombo kisikusukume na kukulalia, kisha vuta. Viatu viwe vya kufunga. Matope ya kandokando yanameza kandambili na hayarudishi.

Upepo

Hapa ndipo ratiba nyingi zinapovunjika. Upepo huvuma mara nyingi kutoka chini ya mto kuja juu, unaanza kama saa 5 asubuhi na kushika kasi alasiri. Ukiwa mkali, mtumbwi unasimama, na ukiacha kafi unarudi ulikotoka. Dawa ni kuamka. Mtumbwi uwe majini saa 1:30 asubuhi, na kilomita za siku ziwe zimeisha saa 7 mchana. Wanaopenda kunywa kahawa hadi saa 4 watalipa mchana kwa mabega yao.

Ukikumbana na upepo wa mbisho, sogeza kilo 10 au 15 mbele ya katikati ili omo ikae majini na isisukumwe pembeni. Tembea karibu na ukuta au vichaka. Piga makafi mafupi ya haraka. Usiukate mto katikati mawimbi yakiwa na vichwa vyeupe. Egesha, kula, subiri. Kufunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu ni raha kwenye maji matulivu, lakini kwenye mawimbi vyombo vinagongana na kumwagiana maji. Fungueni.

Mgawo wa siku, kutoka Ruby Ranch

Siku ya kwanza mtachelewa kuondoka. Upakiaji wa kwanza huchukua saa mbili kwa yeyote. Nendeni kilomita 11 hadi Trin Alcove, panapokutana vijikorongo vitatu, mkatembee kwa miguu jioni. Siku ya pili, kilomita 20. Siku ya tatu, kilomita 12 tu hadi mwanzo wa Bowknot Bend, ambapo mto unazunguka kilomita 11 au 12 na kurudi karibu pale ulipotoka, mita zisizofika 500 upande wa pili wa tuta. Pandeni tuta hilo asubuhi au jioni, kamwe si adhuhuri. Ukiwa juu unaona mto pande zote mbili. Siku ya nne mnazunguka kona hiyo na kuendelea, kilomita 19. Siku ya tano zinabaki kama 10, na kabla ya Mineral Bottom mnapita Korongo la Hell Roaring, ambako mwindaji wa manyoya Denis Julien alichonga jina lake na tarehe 3 Mei 1836. Litazameni. Msiliguse, na msiongeze lenu.

Mnapotembea nchi kavu, kanyageni mwamba au mchanga wa kijito kilichokauka. Udongo mweusi wenye vinundu ni tabaka hai la vijidudu na kuvu, na unyayo mmoja hapo hukaa miaka.

Kambi

Fungu la mchanga lililo wazi ndilo bora: upepo unafukuza mbu na nyayo zinafutika mto ukijaa. Liwe na sehemu iliyoinuka angalau mita moja juu ya maji. Usiweke hema kwenye mdomo wa kijikorongo, hasa Julai hadi Septemba. Mvua inayonyesha mbali, msiyoiona, hushusha ukuta wa maji na mawe.

Mitumbwi ivutwe yote nje ya maji, igeuzwe, ifungwe. Kama hakuna mti, fukia gogo nusu mita mchangani likiwa limelala, kamba ikiwa imezungushwa katikati yake. Choma kijiti ukingoni mwa maji kabla ya kulala. Asubuhi kitakuambia mto umepanda au umeshuka.

Moto uwe ndani ya sinia la chuma, na kuni ziwe magogo yaliyoletwa na maji tu. Majivu yakipoa yanabebwa. Angalia kabla ya safari kama moto umepigwa marufuku. Kiangazi hutokea mara nyingi. Kupika kwenyewe tegemea gesi. Na kama kundi lenu ni la ugali, msije na jiko dogo la wapanda milima: mchangani, sufuria itapinduka mara tu mtakapoanza kusonga. Chukua jiko la plati mbili lenye miguu, uliweke juu ya ubao.

Madeli yawe mawili, la vinywaji na la chakula, kwa sababu la vinywaji hufunguliwa kila dakika. Barafu iwe ya mabonge makubwa. Nyama itiwe viungo nyumbani, igandishwe, na ipangwe chini ile ya siku ya nne na juu ile ya usiku wa kwanza. Kabichi, karoti, vitunguu na viazi vinafika siku ya tano bila barafu. Mboga za majani zinakwisha siku ya pili. Usiku fungeni kila kitu. Kunguru wa huko wanajua kufungua zipu.

Choo

Kinyesi chote hubebwa, bila mjadala. Chombo cha kawaida ni sanduku la chuma lililotengenezwa kuwekea risasi za bunduki, lenye mfuniko unaobana kwa mpira, likiwekewa kiti juu. Moja kubwa linatosha watu wanane kwa siku tano, mradi mkojo usiingie. Mkojo huenda mtoni, kwenye mchanga uliolowa au ndani ya maji kabisa. Wengi hushtuka kusikia hivyo, maana kwetu tumefundishwa kinyume, lakini katika jangwa lisilo na mvua mkojo wa nchi kavu hauoshwi na kambi inanuka msimu mzima, wakati mto huu mkubwa wenye matope unauchukua mara moja. Maji ya vyombo nayo huchujwa kwa chujio la chai, makombo yanaingia kwenye taka, maji yanamwagwa mtoni.

Liweke sanduku upande ambao upepo hauelekei jikoni, mbali kiasi cha faragha, lakini njia yake ionekane kwa tochi. Ndoo ya kunawia na sabuni ikae mwanzo wa njia hiyo, na kafi moja lisimamishwe hapo: anayekwenda analichukua, anayerudi analirudisha. Kafi halipo, subiri. Kuharisha kwa kundi zima, tatizo linaloonekana kila mara kwenye safari za mto, huanzia kwa mtu mmoja asiyenawa kabla ya kukata nyanya.

Dharura na kutoka majini

Mtandao wa simu haupo. Kodi kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na watu wawili, si mmoja, wajue kukitumia. Achia mtu nyumbani ratiba yenye siku na saa ya kutoka, na namba ya kampuni ya usafiri. Sanduku la dawa liwe na chumvi za kuongezea maji mwilini. Maumivu ya kichwa na mkojo wa manjano iliyokolea mchana ni dalili za kutosha kumweka mtu kivulini saa nzima akinywa polepole.

Mineral Bottom ina njia moja ya kupandishia vyombo. Fika saa moja kabla ya gari, pakueni mizigo pembeni ili wengine wapite, suuzeni matope ya mitumbwi papo hapo. Sanduku la choo lisafiri nje ya gari, limefungwa wima kwa mikanda, na likamwagwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha maji taka kinachopokea masanduku ya aina hiyo, Moab au Green River. Likikaa juani hadi kesho yake, hewa inajaa ndani, na atakayefungua mfuniko ajifunike uso.